Mtu wako kavunjika moyo? Mwongozo kamili wa kumkalisha kitako mpaka anyanyuke mwenyewe, bila kumpigia hotuba

Kila yakitoka matokeo ya kidato cha nne, kila msimu wa mwani ukiharibika, kila mahoteli yakipunguza watu, meseji zinazokuja ni za aina moja. "Nimekaa nae, nimemshauri vizuri tu, kanambia sawa nimekufahamu, halafu wiki ya pili yuko vilevile kajifungia ndani." Haya, leo tulimalize hili.

Wengi wenu mnakwama pahala pamoja: mnakwenda na majibu mkononi. Yule mtu nasaha keshazipata, kapewa na mamake, kapewa na ami yake, kapewa na maalim wa madrasa, mpaka muuza duka nae kampa huku anamrejeshea chenji, kwa hivo angekuwa wa kunyanyuka kwa nasaha angeshanyanyuka zamani. Alichokosa ni mtu wa kukaa nae saa moja, akamuuliza masuali ya maana, akanyamaza kusikiliza jawabu, na wiki ya pili akarudi kuuliza ilikuwaje. Ndo kazi ya kocha hiyo, kocha wa maisha, si wa mpira. Kwa mtu wako wa karibu huhitaji cheti, unahitaji utaratibu na ulimi unaojua kukaa.

Niseme mapema: utaratibu huu hauleti furaha. Mtu anaweza kumaliza hatua zote na mwani wake bado umekufa, matokeo bado ni divisheni ziro. Tunachotafuta ni aone njia ambayo jana alikuwa haioni, na apate nguvu ya kuianza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujamwita

Pahala. Si barazani jamani. Baraza letu ni la kila mtu, ukianza kusema jambo lako anapita jirani, "asalaam alaykum, vipi, mbona kimya," basi limeisha. Tafuta uwani, chini ya mwembe, kibandani shamba, au pwani maji yakishatoka. Kama nyie ni mwanamme na mwanamke msio maharimu, kaeni pahala ambapo watu wanakuoneni lakini hawakusikieni. Hili msilipuuze, mana maneno ya mtaani yatavunja kazi yote kabla haijaanza.

Muda. Saa moja, isizidi. Kwa wanaume mimi napenda baina ya Magharibi na Isha kwa sababu ikiadhiniwa Isha kikao kimekwisha na hakuna anaeona amefukuzwa. Kina mama wakati huo wako jikoni, wao baada ya Alasiri. Na kama ni mkulima wa mwani, usimwite bamvua, siku zile maji yanakupwa mbali, yuko pwani na roho iko kwenye kamba zake, msubiri maji mafu.

Daftari dogo la skuli na kalamu. Daftari lake, si lako. Anaandika yeye. Kama hajui kuandika, ataje, uandike maneno yake kama alivyoyasema, usiyapige pasi.

Simu zote mbili sailenti. Na hakuna kurekodi.

Namba na njia ya hospitali. Unguja jua unavyofika Mnazi Mmoja na Hospitali ya Kidongo Chekundu ambayo ndo ya maradhi ya akili. Pemba jua hospitali iliyo karibu nawe, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee pale Mkoani. Sababu iko hatua ya kwanza.

Kahawa na kashata ukipenda. Vinasaidia mikono iwe na kazi.

## Hatua ya 1: Hakikisha hii kazi ni yako

Yako mambo ambayo hayakochiwi. Ukiyaona, acha daftari, tafuta msaada wa kweli:

- Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, halali au analala mchana kutwa, hali, hataki hata vile alivyokuwa akivipenda. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni maradhi, inatibiwa.
- Anazungumza kufa, anagawa vitu vyake, anasema "mtapumzika na mimi".
- Anasikia sauti, au anaona watu wanamfuata.
- Anatumia unga, yaani madawa ya kulevya.
- Anapigwa au kudhalilishwa nyumbani. Hapo njia ni Kituo cha Mkono kwa Mkono na polisi. Kama ni mtoto, namba ya bure ya simu kwa mtoto ni 116.

Ukihisi anafikiria kujidhuru, muulize wazi: "Mwenzangu, unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watamtia fikra ambayo hakuwa nayo. Si kweli, kuuliza hakumtii fikra hiyo, wengi wanapumua kwa kupata mtu wa kumwambia. Akikubali, usimwache peke yake, ondoeni dawa na kamba na visu karibu yake, mpelekeni hospitali siku ileile. Familia ikitaka kisomo cha Qur'ani, kisomwe, msigombane kwa hilo, ila gari ya hospitali nayo iende.

Na kuna jambo dogo watu wanalisahau: njaa. Mtu hajala tangu jana halafu unamuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo, wallahi atakutukana moyoni na haki anayo. Mle kwanza.

Utajuaje umevuka: mtu yuko salama, kala, anajua leo ni siku gani na kesho ana la kufanya, ila amekwama au amekata tamaa. Huyo ndo wako.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa na mwekeane masharti

Usimvamie. Usimwambie "njoo nataka kuzungumza na wewe", kwetu maneno hayo maana yake kuna kosa. Sema hivi: "Naona siku hizi umekuwa mzito kidogo. Sina ushauri wa kukupa, ila nina saa moja na masikio. Ukitaka tukae, sema siku."

Akikubali, semeni masharti manne kwa sauti, hata kama ni mdogo wako tumbo moja:

1. Yanayosemwa hapa hayatoki, isipokuwa kama roho ya mtu iko hatarini.
2. Mimi nitauliza, wewe utaamua.
3. Tutakutana mara nne, kila wiki au kila baada ya wiki mbili.
4. Ukichoka unasema basi, hakuna lawama.

Sharti la tatu lina sababu yake. Mtu akijua kuna kikao chengine, halazimiki kumaliza yote leo wala kukudanganya leo kwamba kashapoa.

Tahadhari: usiwe kocha wa mtu ambaye matokeo yake yanakuhusu mfukoni au nyumbani. Mkeo, mumeo, mtu unaemdai, binti ambaye unataka aolewe na mtoto wa shoga yako. Huwezi kumuuliza suali la wazi mtu ambaye jawabu lake umeshalichagua. Mtafutie mwengine.

Kama ni mkubwa kwako. Hapa wengi mnashindwa kabisa, utamuulizaje shangazi yako masuali? Usimkalie mbele kama mwalimu. Shikamoo yako iwe ya kweli, kaa chini yake au ubavuni, na masuali yote yageuze yawe ya kujifunza: "Shangazi, hebu nielekeze, siku ile ilikuwaje hasa?" "Wewe ushaona mengi, hili unalionaje?" Suali ni lilelile, heshima iko pale pale, na watu wazima ukiwauliza hivi wanasema mambo ambayo hawajawahi kumwambia mtu.

Utajuaje umevuka: siku kaitaja yeye.

## Hatua ya 3: Mwache aseme mpaka amalize

Dakika ishirini za mwanzo si zako. Uliza suali moja tu, "Haya nambie, imekuwaje?", kisha funga mdomo.

Kuna maneno hapa ni marufuku: "Subira yavuta heri." "Mshukuru Mungu, kuna wenzio hawana hata hicho." "Na mimi yalinipata hayohayo." "Ungefanya hivi." Sisemi ni maneno mabaya, mengine ni ya kweli tupu na yeye mwenyewe anayaamini kuliko wewe. Lakini ukiyasema dakika ya pili, yeye anasikia kitu kimoja, kwamba umechoka kumsikiliza. Ataitikia "kweli, alhamdulillahi," na mlango umejifunga.

Maneno ya kutumia ni mafupi: "Ehe." "Enhe, ikawaje?" "Halafu?" Au umrudishie maneno yake ya mwisho. Akisema "basi nikaona aibu hata kutoka nje," wewe sema tu "aibu hata kutoka nje." Atakwenda ndani zaidi mwenyewe.

Akilia mwache alie. Usimpigepige mgongo ukamwambia "nyamaza, nyamaza". Msogezee maji, kaa.

Kama unadhani kusikiliza ni kazi ndogo, tazama Zimbabwe. Daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza mpango Harare wa kuwafundisha kina bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Bibi hana digrii, ana benchi, masikio na utaratibu wa vikao mpaka sita. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliowafuatilia watu kwa miezi sita, waliokaa kwenye benchi dalili zao za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika mpaka hapa Zanzibar. Na hatua ya kwanza kabisa ya wale mabibi ni kumfungua mtu moyo aseme yake, kabla ya kugusa tatizo lolote.

Utajuaje umevuka: anashusha pumzi, anasema "basi ndo hivo", au anajisahihisha mwenyewe: "si kwamba wote walinicheka, ni yule mmoja tu."

## Hatua ya 4: Tenga lililotokea na hadithi ya moyo

Hii ndo hatua ninayoipenda, na mkiiruka zote zinazobaki zinakuwa maneno matupu.

Mwambie achore mstari katikati ya ukurasa. Kushoto anaandika vile ambavyo mtu aliesimama pale na simu angevipiga video. Kulia anaandika anavyojiambia kichwani.

Tuseme ni dada anaelima mwani Jambiani. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Nini kimetokea?
— Mie sina mkono wa kulima, ndo basi.
— Enhe. Hilo tuliweke kulia. Ukenda pwani ukapiga picha, inatoka nini?
— Kamba zipo. Mwani umekuwa mweupe, umekatika, umeanguka.
— Wote?
— Huu mnene. Huu mwembamba haujambo.
— Na kamba za jirani yako?
— ...Nae umemfia. Huo mnene hata wa kina bibi wa kule mbele umekufa.
— Sasa hebu soma tena ulichoandika kulia.

Tazama kilichotokea. Hakuna aliembishia. Kasoma mwenyewe "sina mkono wa kulima" huku kushoto pameandikwa kwamba mwani mnene umekufa kwa kila mtu. Na ndo ukweli wa pwani zetu, ule mnene unaoitwa kotoni hauvumilii maji yakipata joto, unapata maradhi unakuwa mweupe unakatika, na kwa miaka mingi sasa wakulima wengi wa Unguja wameshindwa kuuotesha kwenye maji madogo, wamebakia na ule mwembamba, spinosamu, ambayo ni shupavu zaidi lakini bei yake ndogo. Kwa hivo pigo lipo na hasara ipo, lakini "mimi sifai" haikuwamo kwenye picha, kaiongeza yeye.

Tahadhari: usimwambie "unaona? unajidanganya." Mwache aone. Na usilifanye tatizo kuwa dogo. Kama kushoto pameandikwa "nina deni kikundini," deni lipo, libakie kushoto.

Utajuaje umevuka: kuna angalau sentensi moja ya kulia ambayo kaikata au kaibadilisha kwa mkono wake.

## Hatua ya 5: Mgeuze atazame kutoka upande mwengine

Masuali matatu, si lazima yote siku moja.

La kwanza: "Hili lingemkuta mdogo wako, ungemwambia nini?" Mtu akitoka ndani ya jambo akalitazama kama la mwengine, akili inapoa. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wamelitafiti hili, hata mtu kujizungumzisha kwa jina lake badala ya kusema "mimi" kunapunguza ule moto. Mimi nawaambia waandike kwenye daftari barua ya mistari mitano kwa huyo mdogo. Halafu waisome kwa sauti. Mara nyingi ushauri uliokuwa ukikuwasha mdomoni saa nzima utausikia unatoka kwake, na mzuri kuliko wako.

La pili: "Lipi kubwa lilishawahi kukupata kabla, na ulitokaje?" Usikubali jawabu la "Mungu tu alisaidia" likaishia hapo. Mungu ndie msaidizi, sawa, na wewe siku ile ulifanya nini? Ulikwenda kwa nani? Uliuza nini? Nani alikufungulia mlango? Andikeni. Hiyo ndo hazina yake na keshaisahau.

La tatu limetoka kwa Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, wataalamu wa tiba ya mazungumzo wa Marekani: "Kutoka sifuri mpaka kumi, kumi ndo uko vizuri kabisa, leo uko ngapi?" Akisema tatu, usiulize mbona chini. Uliza "kwa nini tatu, isiwe sifuri?" Hapo inabidi akutajie yaliyobaki mazima: bado nasali jamaa, mtoto anakwenda skuli, kaka hajanitupa. Kisha, "ikiwa nne, nini kitakuwa tofauti?" Nne tu, kumi iacheni kwanza.

Tahadhari: neno "kwa nini" lina sumu ukiliweka vibaya. "Kwa nini uliacha kazi?" ni suali la polisi, mtu anaanza kujitetea. Sema "nini kilikufanya uache?" Na ukiuliza, nyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni. Kimya kinatutisha sie watu wa gumzo tunakimbilia kukijaza, na jawabu zuri linakuja sekunde ya nane.

Utajuaje umevuka: anacheka kidogo, au anasema "hili sijawahi kulifikiria."

## Hatua ya 6: Lengo, na liwe la mikono yake

Wanaofundisha ukocha wengi wanatumia modeli ya GROW iliyosambazwa na Muingereza John Whitmore: lengo, hali halisi, njia zilizopo, na utashi wa kufanya. Modeli nzuri, naitumia. Ila inaanza na lengo, na uzoefu wangu na watu waliovunjika ni kwamba ukiwauliza lengo siku ya kwanza wanakupa la kukuridhisha wewe. Ndo mana nimeliweka hapa katikati. Mtu aliekuja na jambo la kazi tu, hajavunjika, mwanzie na lengo.

Suali: "Baada ya mwezi mmoja ungependa nini kiwe kimebadilika?" Kisha pima jawabu kwa kipimo kimoja, je hili liko mikononi mwake? "Nipate kazi hotelini" liko mikononi mwa meneja. "Nipeleke barua mahoteli matano baina ya Kiwengwa na Nungwi" liko mikononi mwake. "Baba anisamehe" halimo. "Niende kwa baba nimwambie ukweli" limo.

## Hatua ya 7: Njia, nyingi kuliko mlizozizoea

Aliekwama anaona njia mbili, zote mbaya. Kazi yako ni kumvusha mpaka afike sita. Mwambie aandike zote bila kuzihukumu, hata za kipumbavu, hata "nikae tu nisifanye kitu", hiyo nayo ni njia na ikiandikwa inaonekana ilivyo.

Kijana wa Wete aliefeli kidato cha nne orodha yake inaweza kuwa: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mafunzo ya amali pale Vitongoji, kukaa na ami anaetengeneza mafriji, kuvua na baba huku anasoma usiku, kuvuka bahari kutafuta vibarua Unguja, kukaa tu. Kila moja aiandikie pembeni mambo matatu: pesa, ruhusa ya nani, muda gani. Basi. Hapo nyengine zinajifuta zenyewe na moja mbili zinabaki zikimtazama.

Wewe una njia yako unayoiona nzuri? Iseme ya mwisho, na uombe: "Nina moja, niiongeze?" Ikishaandikwa iwe sawa na nyengine, usiitetee.

## Hatua ya 8: Hatua moja, yenye siku na saa na "kama"

"Nitajitahidi inshallah" haitoshi. Inshallah ni ya kweli ikiwa nyuma yake kuna siku.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, mwaka 1999 alieleza namna rahisi sana ya kupanga: likitokea hili, nitafanya lile. Watu wanaopanga hivi wanatimiza zaidi kuliko wanaosema "nataka". Kwa hivo aandike sentensi mbili:

*Jumatatu nikishasali Alfajiri na kunywa chai, nitapanda gari ya kwanza kwenda Vitongoji kuulizia fomu.*

*Kama mvua inanyesha au gari haipo, nitapiga simu kwa mtu anaesoma pale, anieleze, na nitakwenda Jumanne.*

Ya pili ndo watu wanaiacha, na ndo inayookoa, mana kitu cha kwanza kukwama kinampa mtu sababu ya kurudi kitandani.

Halafu muulize: "Sifuri mpaka kumi, una uhakika gani utaifanya?" Ikiwa chini ya saba, hatua ni kubwa, ipunguzeni. Badala ya kwenda, kupiga simu. Badala ya simu, kuandika namba kwenye daftari. Usione haya, hatua ndogo iliyofanywa inampa kitu cha kusimulia kikao kijacho.

Utajuaje umevuka: anaweza kukwambia bila kutazama daftari atafanya nini, lini, na kama ikishindikana atafanyaje.

## Hatua ya 9: Kurudi

Hapa ndo kazi nzima inafia. Kikao cha kwanza kinakuwa kitamu, watu wanaagana kwa mikono miwili, halafu kocha anapotea.

Siku moja kabla ya ile siku yake, mtumie meseji fupi: "Kesho ndo Jumatatu. Nakuombea." Usitume sauti ya dakika nne. Kikao cha pili anza hivi: "Lipi lilikwenda, hata kidogo?" Kwanza lililokwenda, ndo baadae lililokwama.

Na atashindwa, mara moja au zaidi. Namna unavyopokea kushindwa huko ndo inamjenga au inambomoa. Usiseme "nilikwambia". Sema "Ehe, tueleze, ilifika wapi ikakatika?" Mfano kafika kituo cha mafunzo, kaona foleni ya wenzake waliofaulu, karudi. Basi hajashindwa kwenda, kashindwa foleni. Sasa mnajua cha kupanga: aende mchana, au aende na mtu. Mara mbili tatu za namna hii, anaanza kujiuliza mwenyewe masuali yako kabla hujayauliza. Ukisikia hivo jua kazi imeshika.

Kikao cha nne, rudieni ukurasa wa kwanza wa daftari, asome, na aseme yuko ngapi sasa. Kisha mwachie daftari na mumalize. Usiendelee kwa mazoea, mtu akizoea kwamba hawezi kuamua bila wewe umemhamishia mzigo tu.

## Mnayoniuliza sana

"Kila suali anajibu sijui." Mara nyengine ni kweli hajui, mara nyengine hajakuamini. Jaribu "ungekuwa unajua, ungesema nini?" Bado? Achaneni na masuali, tembeeni pwani. Watu wengi hasa wanaume husema wakiwa wanatembea, hawatazamani usoni.

"Ananiomba pesa." Amua kabla ya kikao kama unatoa au hutoi. Ukitoa, toa siku nyengine na useme si ya kikao. Vikichanganyika, kila wiki atakuja na tatizo lenye bei.

"Namtaka abadilike lakini yeye hataki." Basi huna mtu wa kumkochi. Mwambie mlango uko wazi, umwache.

"Mimi mwenyewe ndo niliekwama, sina wa kunikalisha." Chagua mtu mmoja ambaye hasemi sana, mpe mwongozo huu asome hatua ya 3 mpaka ya 5, mwambie "naomba uniulize haya tu." Hata peke yako daftari linafanya kazi, andika dakika kumi na tano kila siku kwa siku nne yanayokusumbua bila kujali hijai. Mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani aliwapa watu kazi kama hiyo tangu miaka ya 1980 na wengi ikawasaidia, ijapokuwa siku yenyewe ya kuandika unaweza kutoka mnyonge kidogo.

"Nimlipe kocha wa maisha niliemuona Instagram?" Muulize kafunzwa wapi na kwa saa ngapi. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, ngazi yake ya chini kabisa inataka saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukochi watu, kwa hivo aliehudhuria semina ya siku moja akapiga picha na cheti si mwenzao. Omba kikao kimoja cha kujaribu. Angalia nani anazungumza zaidi, yeye au wewe. Akizidi yeye, au akikuahidi maisha mapya kwa siku saba, au akitaka ulipe miezi sita mbele, ondoka na pesa yako. Na ukimwambia hulali wala huli wiki ya tatu sasa na hakukwambia uende hospitali, ondoka hapohapo.